KABLA HUJAMPIMA MWALIMU WA MAZOEZI, JIULIZE UNAPIMA NINI



Najua wengi wenu mtakaposoma kichwa cha habari hii mtacheka. Mtasema, huyu ndugu amekosa la kuandika? Mishahara haitoshi, vibarua wanakaa miaka na miaka bila karatasi ya ajira, na yeye anatuletea habari za watu wanaorukaruka kwa muziki! Sawa, chekeni kwanza, halafu msome mpaka mwisho. Habari hii ni ya mfanyakazi aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya kalamu za wafanyakazi wenzake. Na kalamu moja kati ya hizo ilikuwa yangu mimi, mtu wa chama.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu. Lakini kwa miaka mingi kazi yangu katika chama imekuwa kuwatetea watu wanaopimwa kazi zao kwa vipimo vya uonevu. Nimebishana na makarani juu ya mizani, juu ya hesabu ya vipande, juu ya saa za kuingia na kutoka. Kwa hiyo nilidhani najua yote kuhusu kupima kazi ya mtu. Kumbe nilikuwa najua upande wa anayepimwa tu. Siku nilipopewa mimi kalamu nipime, nilipima vibaya kuliko nyapara.

MAMBO YALIVYOKUWA

Kiwanda ninachofanyia kazi kilileta mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa dada mmoja wa makamo, mpole, mwenye spika yake ndogo na filimbi shingoni. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, zamu ya mchana ilipotoka saa kumi jioni, alitufundisha kwa nusu saa katika uwanja wa sementi nyuma ya ghala. Ofisi ilisema shabaha ni kupunguza maumivu ya mgongo na siku za kuumwa.

Jambo lenyewe si baya wala si geni duniani. Kule Japani mazoezi ya viungo ya redio yalianza kutangazwa mwaka 1928, na mpaka leo viko viwanda huko ambako wafanyakazi hujinyoosha pamoja kabla ya kushika kazi. Jirani zetu wa Kigali, tangu mwaka 2016, wana Jumapili maalum ambapo barabara kadhaa hufungwa magari yasipite, na watu kwa mamia hukimbia na kufanya mazoezi pamoja wakiongozwa na walimu. Hata mimi nilifurahi. Mtu anayesimama mbele ya mashini saa nane anahitaji kunyoosha viungo vyake.

Mwanzoni tulijaa uwanja mzima. Baada ya miezi miwili watu wakapungua, tukabaki kama theluthi. Ndipo ofisi ikaleta karatasi ya kumpima mwalimu. Ilikuwa na maswali matano. Je, mwalimu anachangamsha? Je, muziki unapendeza? Je, unatoka jasho la kutosha? Je, maumivu ya mgongo yamepungua? Je, ungependa aendelee? Kila swali tuliambiwa tutoe alama, kuanzia moja mpaka tano.

Tulijaza tukiwa kwenye foleni ya kutoka langoni, tumeegemeza karatasi mgongoni mwa mtu wa mbele, huku gari la kampuni linapiga honi. Hakuna aliyetumia dakika mbili. Wengine waliuliza, "Wewe umempa ngapi?" na wao wakaandika hiyo hiyo.

Mimi nilimpa mbili. Nitawaambieni kwa nini, ingawa ni aibu. Wiki moja kabla yake tulikuwa tunaruka, na mimi nilitaka kuwaonyesha vijana kwamba mzee bado yumo. Yule dada aliniona ninavyotua kwa kishindo huku nikishika goti. Akaniambia, "Mzee, wewe acha kuruka, piga hatua tu papo hapo." Vijana wakacheka. Mimi nikaona nimevunjiwa heshima mbele ya watu ninaowaongoza. Basi kalamu ilipofika mkononi, nililipiza.

Mwisho wa mwezi yule dada hakuonekana tena. Hakuitwa ofisini wala hakuulizwa neno. Aliambiwa kwa simu kwamba alama zake ni ndogo na asije tena.

Akaletwa kijana mwenye misuli, muziki wake unasikika mpaka barabara kuu. Wiki mbili za kwanza uwanja ulijaa tena na ofisi ikapiga picha. Kisha mama mmoja wa idara ya kufunga bidhaa akateguka kifundo cha mguu pale kwenye sementi, kwa sababu kijana alibadilisha mwendo ghafla bila kutoa habari. Wazee wakaanza kusimama nyuma, halafu wakaacha kuja. Kina mama wakafuata. Haukupita muda mrefu hata wale vijana wakachoka, na leo hapana mazoezi yoyote. Goti langu, ambalo yule dada alitaka kulihifadhi, sasa linanisumbua ninapopanda ngazi.

KARATASI ILIPIMA NINI?

Baadaye nilikaa nikafikiri. Nikajiuliza, ile karatasi ilipima kitu gani hasa?

Ndugu zetu wanaochuma chai upande wa Fort Portal watanielewa upesi. Mchumaji hupimwa kwa kilo. Mvua ikinyesha vizuri na majani yakachipua, mizani inasema yeye ni hodari. Jua likikausha shamba, mtu yule yule, mwenye mikono ile ile, mizani inasema ni mvivu. Akipangiwa mistari yenye miche mikongwe anapata kidogo, akipangiwa mistari mizuri anapata nyingi. Mizani haidanganyi juu ya uzito wa majani, lakini inadanganya juu ya mtu aliyeyachuma. Jambo hili chama kimelipigia kelele miaka yote.

Sasa tazameni uwanja wetu. Kwa nini watu walipungua? Gari la kampuni, ambalo zamani lilikuwa likiondoka saa kumi na moja, lilianza kuondoka saa kumi na dakika ishirini. Aliyebaki kwenye mazoezi alitembea kwa miguu au alilipa nauli ya bodaboda mfukoni mwake. Tena mvua za mwaka zilikuwa zimeanza, na uwanja hauna paa. Tena ulikuwa msimu wa oda nyingi, watu wanafanya ovataimu. Mwalimu hakuendesha gari, hakuleta mvua, wala hakupanga ovataimu. Lakini hesabu ya vichwa iliandikwa juu ya jina lake.

Na lile swali la mgongo je? Wenzetu wa ghalani wanabeba magunia ya kilo 50 mgongoni tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Yule dada alipewa dakika 60 kwa wiki, na watu waliochoka, juu ya sementi. Halafu anaulizwa kwa nini migongo bado inauma! Ndugu wafanyakazi, mgongo unaouma kwa sababu ya gunia hauponi kwa sababu ya muziki. Unataka mkokoteni, unataka watu wawili kwa gunia moja, unataka mapumziko. Ofisi ilichukua deni lake yenyewe ikalipachika kwenye hesabu ya mwalimu, na sisi tukapiga muhuri.

Hapo ndipo nilipoona hatari ya jambo hili. Karatasi ya kupima inaweza kuwa njia ya kuhamisha lawama. Anayeiandika anachagua maswali, na anayechagua maswali amekwisha chagua nusu ya majibu.

KAZI YENYEWE INAPIMWAJE?

Nilitaka kujua kazi ya mwalimu wa mazoezi ya kikundi ni nini hasa. Nikawauliza walimu kadhaa, wa hapa Jinja na wa Kampala, na nikahudhuria madarasa yao, mara nyingine nikifanya na wao, mara nyingine nikikaa pembeni na kuangalia. Niliyojifunza nayaandika hapa, ili siku mkipewa karatasi mjue pa kutazama.

Kwanza, tazama kabla muziki haujaanza. Mwalimu mzuri hufika mapema, akakagua uwanja, akaondoa misumari na maji yaliyomwagika. Huuliza: nani mgeni leo? Nani ana maumivu? Nani ana presha? Kama kuna mama mjamzito humwambia kwa siri na kwa heshima afanye namna gani. Mwalimu anayewasha muziki bila kuuliza ni kama dereva anayeondoa gari bila kutazama kama milango imefungwa.

Pili, tazama mwanzo na mwisho. Mwili hautaki kushtuliwa. Katika darasa la nusu saa, dakika kama tano za kwanza ziwe za kupasha viungo moto polepole, na kama tano za mwisho ziwe za kupunguza mwendo na kujinyoosha. Mwalimu anayewaacha watu wakihema na kukimbilia nyumbani hakumaliza kazi.

Tatu, sikiliza anavyotoa amri. Muziki wa mazoezi huenda kwa midundo minane minane. Mwalimu anayejua kazi husema hatua inayofuata mapema, midundo minne hivi kabla ya kubadilisha, ili mtu wa nyuma kabisa awe amesikia na kujiandaa. Kama angefanya hivyo yule kijana, mama wa kufunga bidhaa asingeteguka. Huu ni ufundi kamili. Anahesabu moyoni, anaongea, anafanya mwenyewe, na anatazama watu, yote kwa wakati mmoja. Jaribuni siku moja nyumbani mtaona.

Nne, hesabu mwendo wa muziki. Chukua saa, hesabu midundo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Kwa mazoezi ya kupanda na kushuka kibao, walimu hushauriwa kutumia midundo kati ya 118 na 128 kwa dakika. Ukizidisha sana, mguu haupati nafasi ya kukanyaga vizuri, na magoti ndiyo yanayolipa. Muziki wa kasi unachangamsha sikio, lakini kuchangamka kwa sikio si afya ya goti.

Tano, tazama kama anatoa njia zaidi ya moja. Katika kundi moja yupo kijana wa miaka 20 na yupo mzee wa miaka 55. Mwalimu mzuri huonyesha namna nyepesi, namna ya kati na namna nzito, na kila mtu achague bila kuonekana mnyonge. Yule dada aliponiambia nipige hatua badala ya kuruka, alikuwa anafanya sehemu hii ya kazi yake. Labda angesogea karibu na kuninong'oneza, hapo ningeweza kumkosoa. Lakini alama mbili kati ya tano! Niliadhibu ufundi wake.

Sita, tazama macho yake yako wapi. Wako walimu wanaojitazama wenyewe kwenye kioo tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwingine hutembea katikati ya watu, akamwona aliyebana pumzi, akamwona aliyekunja mgongo vibaya, akamrekebisha kwa maneno mazuri. Kuna kipimo chepesi cha kujua kama watu hawajalemewa. Katika mazoezi ya wastani mtu aweze kuongea ingawa hawezi kuimba. Akishindwa hata kutamka maneno machache bila kutweta, amekwisha ingia katika mazoezi mazito, na si kila mtu pale yuko tayari kwa hayo. Na mtu akisema anaona kizunguzungu au kifua kinambana, mwalimu asimame mara moja na kumhudumia, si kumwambia akaze moyo.

Saba, subiri uone nani anarudi. Kujaza uwanja siku ya kwanza ni kazi ya spika. Kumfanya mama wa miaka 50, aliyekuwa mwoga, arudi wiki ya kumi akiwa na nguvu zaidi na bila jeraha, hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Ukitaka kuhesabu vichwa, hesabu hivyo. Lakini hesabu pia gari liliondoka saa ngapi.

YASIYOPASWA KUPIMWA

Sasa niseme wazi juu ya jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kuambiwa. Katika zile karatasi, wapo walioandika maneno juu ya umbo la yule dada, na juu ya umri wake, na nguo zake. Mmoja aliandika, "Mleteni msichana." Ndugu yangu, hivyo ndivyo unavyotaka binti yako apimwe kazini? Msimamizi akimwambia mke wako kwamba sura yake haipendezi pale kwenye mstari wa mashini, utakuja mbio kwenye ofisi ya chama, na utakuwa na haki. Basi haki hiyo ni ya kila mfanyakazi. Umbo si kazi. Mwalimu mwenye kitambi anayelinda watu wake ni bora kuliko mwenye misuli anayewavunja.

Vile vile, kumpenda mtu si kumpima. Mwalimu anaweza kuwa mcheshi sana na bado akawa hatari. Anaweza kuwa mkimya na bado akawa fundi. Kama swali ni "Je, anachangamsha?" basi tunachagua mcheshi na kumwacha fundi.

NAO NI WAFANYAKAZI

Wengine wanadhani watu hawa wanacheza tu. Nimekaa nao, nawaambieni hawachezi. Wengi hulipwa kwa darasa. Darasa likifutwa kwa mvua, hakuna malipo. Akiumwa, hakuna malipo. Akivunjika mguu kazini, ni shauri lake. Hana likizo wala pensheni. Ili apate pesa ya chakula na kodi, hufundisha asubuhi hapa, mchana pale, jioni kwingine, na nauli ni juu yake. Je, si hali ile ile ya kibarua wa shamba la miwa anayeitwa siku ya kazi na kusahauliwa siku ya njaa?

Na mwili wake unaliwa. Wengi wao hukaukiwa sauti kwa kupaza juu ya muziki. Na masikio pia. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanapendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Maana yake, ikifika desibeli 100, muda wake ni dakika 15 tu. Sisi wa idara ya mashini tumepigania vizibo vya masikio. Mwalimu anayepimwa kwa "kuchangamsha" analazimika kuongeza kelele ili apate alama, na kelele hiyo inamla yeye kwanza, halafu sisi.

HAKI YA ANAYEPIMWA

Lipo jambo litakaloulizwa na msomaji, nalo ni swali la haki. Je, chama kinataka mwalimu mbaya aachwe awaumize watu? Hapana. Mwajiri anayelipa ana haki ya kujua kama kazi inafanyika, na sisi tunaofundishwa tuna haki zaidi, kwa maana viungo ni vyetu. Mwalimu asiyejali, anayedhalilisha watu, anayeumiza watu na kuambiwa asisikie, aondoke. Chama hakikuundwa kulinda uzembe. Tunachokataa ni kumhukumu mtu kwa karatasi asiyoiona, kwa kosa asiloambiwa.

Hili si wazo langu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 158 mwaka 1982, na Uganda iliuridhia mwaka 1990. Mkataba huo unataka mfanyakazi asiachishwe kazi kwa madai ya mwenendo au utendaji wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Pendekezo namba 166 la mwaka huo huo linaongeza kwamba mtu asifukuzwe kwa kufanya kazi isivyoridhisha ila kama ameelekezwa, akaonywa kwa maandishi, na akapewa muda wa kutosha wa kujirekebisha. Nayo Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kuamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na amruhusu awe na mtu mwingine wa kumchagua mwenyewe.

Matajiri wanalijua hili, ndiyo sababu humwambia mwalimu, "Wewe si mfanyakazi wetu, wewe ni mtu wa mkataba." Wimbo huo mmeusikia wapi? Ndio wanaoimbiwa walinzi, wafagiaji na wapakizi. Leo mwalimu, kesho dereva, keshokutwa idara nzima ya mashini.

TUFANYE NINI?

Nashauri mambo haya, na nayaweka mbele ya wanachama tuyajadili.

Karatasi ya kumpima mwalimu ikiletwa kiwandani, wawakilishi wetu waione kwanza. Maswali yawe juu ya kazi aliyopewa kuifanya, si juu ya gari, mvua na magunia. Mwalimu mwenyewe ayajue maswali hayo siku ya kwanza anapoajiriwa. Mtu anayempima awe anaijua kazi hiyo, aingie darasani afanye na watu, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa hakuna mtu ambaye hana siku mbaya. Maoni yetu wafanyakazi yachukuliwe, lakini tupewe muda wa kuyaandika tumekaa, na mwalimu asomewe. Zikionekana kasoro aelezwe, apewe miezi ya kujirekebisha, ndipo apimwe tena.

Pili, tuwaalike walimu hawa katika chama. Wako wachache, wametawanyika, kila mmoja peke yake na spika yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, mazoezi yasiwe kifuniko cha kufunika mambo mengine. Tunayataka mazoezi, na tunataka mikokoteni pia. Tunataka muziki, na tunataka gari lingoje watu mpaka wamalize.

Kuhusu yule dada, nilimtafuta. Nilimkuta anauza nguo za mitumba sokoni, na jioni anafundisha watoto wa shule mara moja kwa wiki. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya alama zangu mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Goti je, Mzee?" Nikamwambia linauma. Akanionyesha pale pale, kati ya marobota ya nguo, namna ya kuliimarisha kwa kukaa na kusimama polepole kwenye kiti, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Hakunidai senti.

Tangu siku hiyo nafanya, na goti linapata nafuu. Lakini yeye hakurudishiwa kazi, na deni hilo liko juu yangu. Ndiyo sababu nimeandika. Siku utakapopewa kalamu kumpima mwenzako, kumbuka jinsi unavyojisikia wewe unaposimama mbele ya mizani. Uliza kwanza: ninapima kazi yake, au ninapima mvua? Ninapima ufundi wake, au aibu yangu mwenyewe?

Mfanyakazi asiwe fimbo ya kumpigia mfanyakazi mwenzake. Umoja wetu ndio nguvu yetu.